Noti ya Pauni Kumi

Kwa miaka minne mimi na dada yangu hatukusemezana, na chanzo kilikuwa noti moja ya pauni kumi. Si kwamba nilimkopa nikakataa kulipa. Noti yenyewe wala haikuwa yake. Nilimtuza mwimbaji harusini, mbele ya watu, na dada akaona nimemtukana.

Nyinyi wenzangu mliokulia Unguja, Pemba, Mombasa au Tanga mshajua habari hii inaelekea wapi. Kwa watoto wetu waliozaliwa huku, ambao wakituona tunainuka na noti mkononi hudhani tunakwenda kulipia chakula, itabidi nieleze kidogo. Kwenye taarabu mtu hatuzi kwa sababu sauti ni nzuri tu. Anasubiri ufike ubeti unaosema lile alilonalo moyoni, ndipo anainuka, anakwenda kwa maringo, noti iko juu, na anayehusika kule alikokaa anajua. Kelly Askew, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyefanya utafiti wake Tanga, ameandika habari hizi kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu muziki na siasa Tanzania: vipi watu hupelekeana ujumbe, na hata kugombana, kwa kutuza tu, bila ya mtu kufungua kinywa. Uzuri wake ni kuwa unaweza kukana. Wewe si umemtuza mwimbaji tu?

Harusi ilikuwa ya mtoto wa binamu yetu, hapa Uingereza, katika ukumbi wa kukodi ambao mchana watoto hufanyia karate na bado ulikuwa na harufu ya mikeka ya mpira. Mwimbaji aliletwa kutoka London pamoja na mpiga kinanda na kijana mmoja wa fidla. Wanawake tupu, madirisha yamezibwa kwa karatasi, udi unafuka mpaka tukaogopa king'ora cha moto kisije kikalia.

Mama yetu alikuwa amefariki miezi minane kabla. Dada alikuwa na pasipoti. Alikwenda, akamuuguza wiki sita, akawa naye mpaka pumzi ya mwisho. Mimi karatasi zangu zilikuwa bado zinashughulikiwa. Kutoka ningetoka, kurudi ndiko kusingekuwepo, na nilikuwa na watoto wawili shuleni. Nilimzika mama kwa simu. Wengi wenu mnajua maana ya maneno hayo. Nilikaa kwenye ngazi za nyumba yangu nikisikiliza kisomo, mtandao unakatika na kurudi, na kila ukirudi naulizwa, "Upo? Upo?"

Dada aliporejea alikuja na sanduku: kanga za mama, msahafu wake, na bangili mbili za dhahabu. Bangili nilizozijua mimi zilikuwa nne. Akasema mbili mama aliziuza kwa matibabu. Nikamwambia sawa. Sikuongeza neno, lakini ipo "sawa" na ipo "sawa". Na shoga yangu mmoja nilimweleza, na shoga yangu naye ana shoga yake. Mpaka siku ya harusi hakuna mtu mle ukumbini asiyejua hesabu ya bangili.

Basi ukapigwa wimbo fulani. Jina lake sitalitaja. Ni wa zamani, na mashairi yake ni ya mtu aliyeweka amana kwa mwenziwe na hakurudishiwa. Katikati ya wimbo mwimbaji hunyamaza, fidla ikaja peke yake, na kile kipande cha fidla ndicho mama alikuwa akikivumisha puani akichagua mchele. Namuona mpaka leo: kakaa juu ya kibao cha mbuzi, ungo magotini, anatoa mawe na chuya, na ile sauti inatoka bila mwenyewe kujua. Niliacha sambusa yangu nusu. Niliinuka nikielekea kule iliko fidla, machozi yananitoka, na nilipomfikia mwimbaji nikamtia ile noti mkononi. Kumbe fidla imekwisha na mwimbaji yuko kwenye ubeti wa amana iliyoliwa.

Ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Nilipogeuka nilimuona dada anatia simu yake mkobani. Aliondoka kabla ya biriani.

Kesho yake alinipigia mara moja tu. "Umenitia aibu mbele za watu." Nikamwambia nilikuwa namlilia mama, maneno ya wimbo wala sikuyasikia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mtu mzima wewe, mtoto wa Kiunguja, hukusikia maneno ya taarabu?" Akakata.

Sikuwa na la kujibu. Tangu siku hiyo sikuweza tena kusikiliza taarabu, si ile tu, taarabu yoyote. Ikianza kwenye gari ya mtu nilikuwa nateremsha kioo.

Yapata mwaka mmoja uliopita nilianza kusoma sosholojia kwa njia ya masafa. Kazi yangu ni kuhudumia wazee katika nyumba ya kulelea, na masomo yalikuwa ya usiku, watoto wakishalala. Kazi moja tuliyopewa ilikuwa kuweka daftari la muziki kwa wiki nzima: kila unaposikia muziki, andika ulikuwa wapi, ulikuwa unafanya nini, na muziki ulikufanya nini. Nilidhani ni mchezo. Jumatatu nikaandika redio ya garini saa kumi na mbili asubuhi, ambayo naifungua ili nisisinzie. Jumanne nikaandika habari za mzee wetu mmoja ambaye hakubali kuoga mpaka apigiwe Jim Reeves. Mimi Jim Reeves namjua tangu utotoni, maana redio za kwetu zilimpenda kama ndugu, na nikimwosha yule mzee sote wawili tunaimba, yeye na utoto wake na mimi na wangu. Ijumaa nikaona kuna kitu hakimo. Wiki nzima, muziki wa kila namna, na wa kwetu hata mmoja.

Kitabu tulichotakiwa kukisoma pamoja na kazi ile kimeandikwa na Tia DeNora, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Exeter, kusini magharibi ya Uingereza. Kinaitwa Music in Everyday Life na kilitoka mwaka 2000. Kabla yake wanasosholojia wengi walikuwa wakiuliza nani anapenda muziki gani. Mfaransa Pierre Bourdieu, katika kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1979, alionesha kwamba tunachokipenda kinatangaza tabaka letu: mwana wa tajiri ana muziki wake, na fundi na karani wana wao. DeNora aliuliza swali la nyumbani zaidi. Mtu akishafungua redio jikoni kwake, kinatokea nini? Aliwahoji wanawake 52 wa Uingereza na Marekani, vijana na wazee, akawauliza mambo ambayo hakuna anayedhani ni elimu: asubuhi unasikiliza nini, ukiwa na hasira unasikiliza nini, upo wimbo usioweza kuusikia?

Alichokiona ni kuwa wanawake wale walikuwa wanajitibu bila ya kujiita waganga. Walijua wimbo wa kujitia nguvu kabla ya kutoka nyumbani, wimbo wa kujiliza ili moyo upoe, wimbo wa kumkumbuka mtu. Anauita muziki teknolojia ya nafsi. Maneno makubwa, lakini maana yake ni nyepesi: kama unavyochukua ufagio kufagia chumba, unachukua wimbo kujipanga mwenyewe, kujirudisha kuwa yule unayemjua kuwa ni wewe. Alikwenda pia kwenye darasa la mazoezi ya viungo, akakaa na kuangalia jinsi mapigo ya muziki yanavyoubeba mwili, kuanzia kupasha misuli mpaka kuipoza. Muziki ukienda sawa na zoezi, mwili unakwenda kabla ya akili kuamua. Muziki usipoafikiana na zoezi, watu wanachoka na kupotezana hatua. Fungu hilo nililisoma haraka wakati ule. Baadaye nililirudia.

Mwanamke mmoja katika kitabu hicho alinikamata. Anaposongwa na mambo hukaa kwenye kiti cha kubembea, karibu na spika, akasikiliza vipande vya piano vya Schubert. Baba yake alikuwa akivipiga usiku, wakati yeye ni mtoto yuko kitandani. Havimtulizi kwa kuwa vimetungwa vya kutuliza. Vinamtuliza kwa kuwa ndani yake yumo baba, na nyumba, na usiku ule. DeNora anasisitiza kuwa nguvu hiyo haimo katika noti za muziki peke yake, wala katika kichwa cha msikilizaji peke yake. Inazaliwa pale viwili hivi vinapokutana. Muziki haukulazimishi, unakufungulia njia.

Nilisoma ukurasa ule saa sita za usiku, kikombe cha chai kimepoa, nikasema kwa sauti: haya, basi! Si ndivyo nilivyomwambia dada? Mimi nilikuwa na mama yangu na ungo wake. Maneno ya amana yalikuwa yake yeye, kayaleta mwenyewe. Nilitamani nimpelekee kurasa zile zikiwa na mistari ya rangi.

Lakini siku mbili baadaye nilianza kuona kitabu kinanipwaya. Wale wanawake wa DeNora wengi wanasikiliza peke yao: chumbani, garini, bafuni. Muziki wao ni siri yao. Sisi muziki hatukulelewa nao hivyo. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu Unguja ya zamani, anaeleza jinsi watu wa Ng'ambo walivyozisikiliza nyimbo za Siti binti Saad: mambo ya mtaani yalitiwa ndani ya wimbo, kesi za mahakamani, nani kadhulumiwa na nani, na wasikilizaji wakakaa kuyachambua. Watu wale babu zao wengi walikuwa watumwa, na mjini walikuwa wakitafuta kuwa watu kamili. Wimbo ulikuwa mahali pa kusema sisi ni nani, na ulisemwa barazani, kila mtu anasikia. Siti alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, zilirudi Unguja na mtaa ukajisikia wenyewe.

Kwa hiyo kwetu wimbo ni kama kanga. Kanga ikiwa dukani, maandishi yake hayamlengi mtu. Ukiinunua ukaiweka kabatini, bado haimlengi mtu. Ukijifunga ukapita nayo mlangoni kwa jirani mliyegombana naye, imeshasema, na huwezi kusimama mbele ya watu ukadai kwamba ulipenda rangi. Labda kweli ulipenda rangi. Lakini kupita ulipita.

Hapo ndipo nilipokwama, maana kazi yangu ya shule ilikuwa imefika kurasa tatu na yote ni utetezi. Nikaona nifanye kile ambacho sikukifanya miaka minne. Nilitia vipokea sauti masikioni, nikautafuta wimbo kwenye simu, nikausikiliza. Mara ya kwanza nililia tu, sikuandika kitu. Mara ya pili nilishika saa. Kipande cha fidla ni sekunde arobaini na kidogo. Kutoka meza yetu mpaka alipokuwa mwimbaji hazikuzidi hatua ishirini. Mtu akiinuka fidla ikishaanza, na akaenda kwa mwendo wa mtu mwenye msiba, atafika ubeti ukianza. Hesabu ilikubali. Niliiandika kwenye daftari, nimefurahi kama wakili.

Kisha nikajiuliza, na noti? Fidla haituzwi namna ile. Anayeinuka kwa sababu kamkumbuka mama yake anainuka mikono mitupu, au anajifunika uso akatoka nje. Noti haikuwa mkononi mwangu. Ilikuwa ndani ya mkoba, mkoba uko chini ya kiti, na ndani ya mkoba iko kwenye pochi yenye zipu. Mtu asiyejua afanyalo hafungui zipu.

Na iko njia. Hili sijawahi kumwambia mtu. Kutoka mezani kwetu kwenda kwa mwimbaji, njia ya karibu ilikuwa ya upande wa madirishani, na ilikuwa wazi. Mimi nilipita katikati, mbele ya meza ya dada.

Nilikaa na jambo hilo siku nyingi. Sisemi kuwa nilikusudia, ningekusudia ningekumbuka. Na machozi hayakuwa ya uongo, wallahi. Lakini wimbo ule niliujua tangu utotoni, beti zake zote kwa mpangilio wake, na mwili uliokulia kwenye taarabu unajua ubeti unaofuata kama wale wa darasa la mazoezi wanavyojua mguu unaofuata. Nilirudia lile fungu nililolipitia haraka. Mama alikuwemo katika fidla ile. Na bangili nazo zilikuwemo. Niliyeinuka alikuwa mtu mmoja mwenye yote mawili, na juu yake uchungu wa aliyekaa kwenye ngazi na simu wakati mwenziwe ameshika mkono wa mama. Kuwa dada alikuwepo na mimi sikuwepo, hilo ndilo nililokuwa sijamsamehe. Bangili zilikuwa rahisi kuhesabika, basi.

Kazi niliituma. Mwalimu aliandika kuwa mifano inavutia lakini niongeze nadharia.

Nilirekodi ujumbe wa sauti kumpelekea dada. Niliufuta mara tatu. Wa nne ulikuwa mfupi, na sikutaja kitabu wala mwanasosholojia, maana namjua dada yangu. Angesema usomi umenipanda kichwani. Nilisema: "Dada, shikamoo. Ile siku ya harusi nilikwambia sikusikia maneno. Labda niliyasikia. Nilikuwa namlilia mama, hilo kweli, lakini nilikuwa na kinyongo na wewe pia, na nilipita mbele yako. Nisamehe. Na habari za bangili nilizitoa mimi."

Alama mbili za buluu zilikaa siku tisa. Nilizihesabu. Siku ya kumi, Jumapili, nipo jikoni, simu ikaita. Hakusalimu.

"Wimbo gani unasema mama alikuwa akiuvumisha?"

Nikamtajia.

"Mama alikuwa haupendi wimbo ule."

"Dada, alikuwa akichagua mchele akiuvumisha kila siku."

"Redio ya jirani ile. Bibi wa nyumba ya pili alikuwa na redio yake dirishani tangu asubuhi. Mama alikuwa akisema yule bibi atatutoa roho. Akivumisha alikuwa anavumisha kasida, zile za maulidi. Wewe ulikuwa mdogo, unachanganya."

"Sichanganyi."

"Unachanganya. Ulikuwa na miaka mingapi?"

Tulibishana dakika arobaini. Nilimwimbia kile kipande, akaniimbia kasida yake, na kusema kweli zina mahali zinafanana, pale sauti inapoteremka. Nikasema labda mama alizichanganya yeye. Dada akacheka, na mimi sikuwa nimemsikia akicheka tangu kabla ya msiba. Ghafla akanyamaza, akaniambia kuwa wiki ile ya mwisho mama alikuwa hasemi tena, lakini usiku, akigeuzwa, alikuwa akivumisha. Dada alijaribu kumrekodi kwa simu na hakuthubutu. Aliona ni kama kumuibia. Ndiyo maana, akasema, aliposikia fidla ile pale harusini hata yeye alikuwa anataka kuinuka. Hakusema ili iweje, na sikumuuliza.

Habari za bangili hatukuzigusa. Zitakuja, najua.

Kasema Jumamosi atakuja na treni ya asubuhi, nimchemshie mchele wa nazi, na nisimpe mchele wa pakiti uliokwisha kusafishwa. Nimeingia maduka matatu kutafuta wenye chuya.